Je, Inafaa Kumlisha Samaki kwa Ajili ya Rangi Yake?



Swali lililo juu ya makala hii niliulizwa na mwanafunzi mwenzetu anayefuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo na kuwauza ili kujazia karo. Amesoma kwamba kuna vyakula vinavyomrudishia samaki aliyefifia wekundu na umanjano ndani ya wiki chache, na samaki mwenye rangi kali hupata bei nzuri kuliko mwenzake aliyepauka. Aliuliza mambo mawili. Je, huko si kubadilisha maumbile ya Allah? Na je, si kumdanganya mnunuzi?

Waliokuwapo walicheka, wakamwambia kwamba dini ina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Mimi sikuona kichekesho. Mtu anayeuliza halali na haramu katika riziki yake, hata kama riziki hiyo inaogelea ndani ya lita 40 za maji, ameuliza swali la dini. Mimi si mufti, ni mwanafunzi tu wa masomo ya Kiislamu. Ninachoweza ni kulipanga swali, kuonyesha mahali wanazuoni walipopita, na kutoa rai yangu ili wajuao wanisahihishe.

Rangi inatoka wapi?

Walimu wetu wa fiqhi wanatufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kilivyo. Kwa hiyo tuanze na samaki mwenyewe.

Rangi nyekundu, ya machungwa na ya njano katika samaki wengi hutokana na viambato viitwavyo karotenoidi. Samaki hawezi kuvitengeneza mwenyewe mwilini. Lazima avipate katika chakula. Ziwani hula mwani unaoota juu ya mawe, pamoja na wadudu wachanga na jamaa wadogo wa uduvi wanaojificha ndani yake, na rangi hujengeka kidogo kidogo katika ngozi yake. Ukimtia tangini na kumlisha makombo ya mkate au unga wa bei rahisi usio na viambato hivyo, wekundu hupungua. Ukimpa mwani mkavu, spirulina, unga wa uduvi, karoti au pilipili hoho nyekundu, wekundu hurudi.

Hili si la samaki peke yake. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria, na wale wanaotua Munyanyange karibu na Katwe hapa kwetu Uganda, huanguliwa wakiwa na manyoya ya kijivu. Uwaridi wao huja na chakula, na katika bustani za wanyama wasipolishwa karotenoidi huanza kupauka. Hata yai unalokula asubuhi linasimulia habari hiyo hiyo: kuku anayezunguka uani akidonoa majani hutaga yai lenye kiini cha njano iliyokolea, na wa bandani hutaga yai ambalo kiini chake kinategemea kilichotiwa katika chakula chake.

Lakini chakula kina mpaka. Buluu ya samaki wengi haitokani na chakula. Inatokana na mwanga unaogonga vijiwe vidogo mno vilivyo ndani ya seli za ngozi na kurudi machoni mwetu kama buluu. Mlishe samaki wa buluu gunia zima la pilipili hoho, hatageuka kuwa mwekundu. Chakula hujaza mahali palipokwisha kutengwa na Muumba. Hakitengi mahali papya.

Tena, chakula si sababu pekee. Samaki hufifia akiwa mgonjwa, maji yakichafuka, akisongamana na wenzake, na hata akiogopa. Kwa hiyo anayemwona samaki wake amepauka asikimbilie dukani kununua chakula cha rangi. Kwanza ajiulize samaki huyo anaishije.

Kudhihirisha na kubandika

Katika Sura an-Nisaa, aya ya 119, tunaelezwa ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha watu nao watabadilisha alichoumba Allah (S.W.T.). Aya hii tunaisikia sana tunapozungumzia mkorogo, zile krimu za kuchubua ngozi zinazouzwa waziwazi katika maduka ya Kampala. Mwenzetu aliogopa kwamba chakula cha rangi ni mkorogo wa samaki.

Rai yangu ni kwamba sivyo, na sababu iko katika mpaka nilioutaja. Mkorogo huondoa rangi ambayo Allah amempa mtu ili kubandika nyingine inayosifiwa na soko. Chakula humpa samaki kile ambacho umbile lake lenyewe linakitafuta, na matokeo yake ni rangi yake mwenyewe. Anayemwagilia mchicha ukawa wa kijani hajabadilisha umbile la mchicha.

Ila yako mambo katika biashara ya samaki wa mapambo duniani ambayo yanavuka mpaka huo. Wako waliomdunga samaki wa kioo, ambaye mwili wake unaonyesha mifupa, wino wa rangi kwa sindano ili aonekane kama taa. Wako wanaowapa samaki wachanga na majike homoni za kiume ili wavae rangi za madume waliokomaa; rangi hiyo hupotea dawa ikikoma, na jike anaweza kubaki hazai. Na tangu mwishoni mwa 2003 wanauzwa Marekani samaki waliotiwa jeni ya kiumbe mwingine wa baharini ili wang'ae. Huyu wa tatu anastahili mjadala wake, kwa kuwa wanasayansi wa Singapore waliofanya kazi hiyo mwanzoni walilenga samaki awe kipimo cha uchafu wa maji, na hilo si sawa na kumng'arisha kwa ajili ya sebule. Lakini wawili wa kwanza hawana utetezi. Kiumbe ameumizwa, na alichovishwa si chake.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, unadhihirisha au unabandika? Na kipimo cha pili kinatokana nacho: je, rangi na afya vinakwenda pamoja, au kimoja kinakula kingine? Wafugaji wazoefu huonya kwamba samaki wala mwani, kama wengi wa kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wakilishwa nyama kupita kiasi huvimba tumbo na kufa. Anayemshindilia samaki wa namna hiyo chakula kisichomfaa kwa kuwa amesikia kinaleta wekundu ameshaacha kufuga. Anapaka rangi juu ya kitu kinachokufa.

Deni la tangi

Hapa naomba tuligeuze swali. Mwenzetu aliuliza kama inafaa kumpa samaki chakula cha rangi. Tuulize: je, inafaa kumnyima?

Kuweka kiumbe mzuri nyumbani ili kumtazama si kosa kwa asili yake. Sura an-Nahl, aya ya 6, inataja uzuri ambao mtu anauona kwa mifugo yake inaporudi jioni na inapotoka asubuhi; yaani macho kufurahi nayo ni katika neema. Na tunajua kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume (S.A.W.) hakumkataza, alikuwa akimuulizia habari za ndege wake kwa upole. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass alitunga kitabu kizima cha faida zinazopatikana ndani yake, akafikisha 60. Wanazuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa dalili ya kujuzu kumfuga ndege ndani, kwa sharti kwamba alishwe na asiteswe.

Sharti hilo linatoka katika kisa kingine, cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tukisoma vizuri, kosa lake lilikuwa na pande mbili: alimfungia, kisha hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Angemwacha huru, njaa ya paka isingeandikwa juu yake. Kifungo ndicho kilichoihamisha riziki ya paka na kuiweka shingoni mwake.

Sasa mtazame samaki. Ziwani alikuwa anajitafutia karotenoidi zake bila kumwomba mtu. Ulipomtoa ukamtia ndani ya kioo, uliifunga njia hiyo. Basi kila alichokuwa anakipata kule, kwa kadiri ya uwezo wako, kimekuwa deni kwako. Viambato hivi havimpendezeshi mtazamaji tu. Huusaidia pia mwili wa samaki kujikinga na maradhi. Kwa hiyo samaki aliyepauka kwa lishe duni anadai haki yake, ingawa hana ulimi wa kudai. Ninachoona ni kwamba chakula bora si anasa anayoifanya mfugaji. Ni sehemu ya sharti la kufuga. Asiyeweza kulitimiza apunguze samaki, au asifuge.

Rangi ni ya nani?

Tunazungumza kana kwamba samaki aliumbwa na rangi ili sisi tufurahi. Iko habari ya ziwa letu hili la Nalubaale, Victoria, inayotufundisha vinginevyo.

Humo mna jamii ya samaki wadogo tunaowaita nkejje, ambao Watanzania huwaita furu. Mmoja wao anaitwa Pundamilia nyererei: jina la kwanza ni neno letu la Kiswahili, kwa sababu ya milia, na la pili ni la Mwalimu Julius Nyerere. Dume lake ni jekundu mgongoni. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana dume la buluu iliyochanganyika na kijivu. Wote wawili wanaishi kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza, na majike yao yanafanana mno. Jike humtambua dume wa jamaa yake kwa rangi.

Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Science walichokiona huko. Mahali maji yalipokuwa maangavu, spishi zilikaa mbalimbali. Mahali maji yalipochafuka kwa tope na mwani uliorutubishwa na taka na udongo wa nchi kavu, mwanga ulipungua, rangi hazikuonekana sawasawa, majike hayakuweza kuchagua, na spishi zikaanza kuchanganyika na kupotea. Watu wengi tunajua kwamba mputa, yule sangara aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alikula nkejje wa spishi nyingi mno. Hatujui sana kwamba wengine waliangamia kwa kutoonana tu.

Kwa hiyo rangi ya samaki ni lugha kabla ya kuwa pambo. Kwayo hutambulishana. Sura Faatir, aya ya 27 na 28, inataja rangi mbalimbali za matunda, milima, watu na wanyama, kisha papo hapo inataja kwamba wanaomcha Allah kikweli miongoni mwa waja wake ni wenye elimu. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini rangi zimefuatanishwa na elimu. Nadhani kisa cha Mwanza ni jibu mojawapo: mjinga huiona rangi na kusema nzuri, mwenye elimu huiona na kuuliza imewekwa kwa ajili gani, na jibu likimjia humpunguzia kiburi.

Sokoni

Tuje kwenye swali la pili, la mnunuzi. Hapa fiqhi yetu ina hazina.

Mtume (S.A.W.) alikataza kumwacha kondoo au ngamia bila kumkama siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua kwa namna hiyo ana hiari: akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Imam Nawawi katika Minhaj anaunganisha na mlango huu mambo mengine: kuyazuia maji ya kinu na kuyafungulia wakati wa kuuza ili yaonekane yana nguvu, na, enzi za utumwa, kumpaka mtumwa wekundu usoni au weusi kwenye nywele. Wekundu uliopakwa ili kuuza, ndugu zangu, una karne nyingi vitabuni.

Lakini mafaqihi hawakuchukulia kila dalili kuwa sawa. Walijadili nguo ya mtumwa iliyotiwa wino ili adhaniwe ni mwandishi, na mnyama aliyelishwa mno hadi tumbo likatuna akadhaniwa ana mimba. Katika kauli yenye nguvu ya Kishafii, mnunuzi hapo hana hiari ya kurudisha, kwa sababu dalili yenyewe ni dhaifu na alipaswa kuuliza. Wino kwenye nguo haumfanyi mtu kuwa mwandishi, kama vile kitabu kikubwa cha Kiarabu kwapani hakimfanyi mmoja wetu kuwa alimu.

Samaki wa mwenzetu yuko wapi kati ya hao? Inategemea. Akimlisha vizuri mwaka mzima, rangi ni hali halisi ya samaki, na bei ya juu ni malipo ya kazi yake. Akimlisha unga duni miezi yote kisha akamshindilia chakula cha rangi wiki tatu kabla ya kuuza, huku akijua kwamba mnunuzi atamlisha makombo na samaki atapauka, basi anakaribia sana kiwele kilichofungwa. Na hata tukisema mnunuzi hana hiari ya kurudisha, dhambi ya nia haifutwi na hukumu ya mkataba.

Dawa yake ni nyepesi: aseme. Amwambie mnunuzi, "Kaka, rangi hii inatokana na chakula hiki, ukiacha kukimpa itapungua." Akiweza amuuzie na chakula chenyewe. Kusema hivyo humwondoa katika udanganyifu, humsaidia mnunuzi kulipa deni la tangi nililolitaja, na humpatia mteja wa kudumu. Biashara chache zina ukweli wenye faida ya wazi namna hii.

Chakula cha samaki na chakula cha jirani

Liko pingamizi moja ambalo silidharau. Kuna wanafunzi katika hosteli zetu wanaolala na kikombe cha chai. Je, si israfu kumnunulia samaki spirulina wakati ndugu yako hana chakula cha jioni?

Pingamizi hili lina uzito zaidi hapa Afrika Mashariki, kwa sababu vyakula vya samaki na vya watu vinagongana. Mukene, ambao ni dagaa wa Mwanza na omena wa Wakenya, ni kitoweo cha maskini, na sehemu kubwa yake husagwa kuwa chakula cha kuku na samaki wa kufugwa. Hata nkejje wenyewe, kabla hawajawa samaki wa mapambo popote, walikaushwa na mabibi zetu wakapewa watoto waliodhoofika.

Jibu langu ni kwamba haki hazifutani, zinapangwa. Nafsi yako, wanaokutegemea na jirani mwenye njaa hutangulia. Lakini kutanguliza hakumaanishi kumwacha kiumbe uliyemfungia afe kwa kisingizio cha huruma kwa watu. Israfu iko katika kiasi: kununua kopo la bei ghali lililotoka ng'ambo wakati karoti na majani ya sukumawiki ya Kalerwe yangetosha; kuongeza tangi la tano ili kushindana; kutumia saa nyingi kwa wekundu wa samaki na kutopiga hata simu moja nyumbani. Samaki wachache, chakula cha kutosha, na mkono ulio wazi kwa jirani, hayo yanakaa pamoja.

Maji yetu

Nimalizie na jambo ambalo swali la mwenzetu limenifikisha, ingawa hakuliuliza.

Maji machafu ya jiji letu hushuka kwa mtaro wa Nakivubo, hupita katika kinamasi na kuingia Ghuba ya Murchison, ghuba ile ile ambayo Ggaba huvuta maji tunayokunywa na kutawadhia. Yaliyotokea Mwanza hayahitaji sangara mwingine ili yatokee hapa. Yanahitaji chupa, mifuko ya kaveera na taka za kutosha tu. Haina maana tukahangaika na rangi ya samaki 6 tangini kisha tukatupa taka mtaroni, tukawaziba macho samaki ambao hakuna ajuaye idadi yao.

Kwa muhtasari, naona kumlisha samaki chakula kinachodhihirisha rangi yake kunajuzu, na kwa aliyemfungia ni katika kutimiza haki yake, kwa masharti manne: kisimdhuru, kisimbandike kisicho chake, mnunuzi aambiwe, na kisivuke kiasi. Na kwa aliyeipenda rangi hiyo kikweli, kuna la tano: alinde maji. Jumuiya yetu inaweza kuanza na mtaro ulio karibu zaidi na msikiti wetu. Jembe na gunia tunavyo.

Wallahu a'lam.